Fernand Deligny, mzee wa Cévennes: namna gani kuonyesha mtoto mwenye hasemi

Kuna watoto wenye hawasemi. Si viziwi. Sauti wanayo, wanalia na wanacheka, lakini neno halitoki. Mmoja anazunguka fasi moja siku nzima, mwingine anatikisa vidole mbele ya macho yake, mwingine anajipiga kichwa kwa ukuta mpaka damu. Wadaktari wetu wanaita hali hiyo otisimu, na Kiswahili sanifu kinasema usonji. Si wote wenye usonji wako hivyo: wengi wanasema, wanasoma na wanatumika kama watu wengine. Lakini wale wenye hawasemi kabisa, kwetu huku mashariki jina lao la kwanza mara nyingi halitoki kwa hopitali. Wanaitwa bubu, wazimu, ao mchawi. Wengine wanafungiwa nyuma ya nyumba kusudi wageni wasiwaone.

Mfaransa mmoja, Fernand Deligny, aliishi karibu miaka 30 pamoja na watoto wa namna hiyo katika milima ya kusini mwa inchi yake. Hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu na mwandishi wa vitabu, tena mtu mwenye kupenda sinema. Alikufa 1996, na mpaka leo wenye kufanya filamu za dokumentari, yaani zile zisizo za kuigiza, wanarudi kwa kazi yake juu ya swali moja: namna gani utaonyesha maisha ya mtu mwenye hawezi kusema ndiyo wala hapana mbele ya kamera yako? Haya ndiyo maisha yake, jibu lake, na kasoro ya jibu hilo.

Mtoto wa vita

Deligny alizaliwa tarehe 7 Novemba 1913 huko Bergues, muji mdogo wa kaskazini mwa Ufaransa, si mbali na mpaka wa Ubelgiji. Hakupata muda wa kumjua baba yake. Vita ya Kwanza ya Dunia ilianza kunako 1914 na baba akafia vitani. Serikali ikamuhesabu kati ya wale yatima wenye inchi iliwapokea kama watoto wake. Alikomalia upande wa Lille, akaanza masomo ya filozofia na saikolojia ya universite, lakini hakuyamaliza.

Kunako 1938 akawa mwalimu wa watoto wenye masomo ya kawaida yaliwashinda, kwanza upande wa Paris, kisha katika hopitali kubwa ya wagonjwa wa akili ya Armentières. Vita ya Pili ilimkuta huko. Wajeremani wakakalia inchi, njaa ikaingia, na katika hopitali za namna hiyo, Ufaransa nzima, makumi ya maelfu ya wagonjwa walikufa, wengi kwa kukosa chakula. Ilikuwa wakati wa kuona wazi mtu mwenye hahesabiwi anafikia wapi.

Deligny alitumwa katika jengo namba 3, la vijana wenye wakubwa wa hopitali waliona kama hawafundishiki. Jambo la kwanza alilofanya ni kuondoa adhabu. Walinzi wa pale hawakuwa wasomi wakubwa, wengi walikuwa watu wa viwanda na wa ufundi. Akawaomba wafanye na vijana kazi za mikono, michezo na matembezi. Alitoa kitabu juu ya jengo hilo kunako 1944, na mwaka uliofuata akatoa kingine, Graine de crapule, chenye mashauri mafupi kwa wenye kulea vijana wa barabarani. Hicho ndicho kilifanya jina lake lijulikane.

Vita ilipoisha, akaongoza Lille kituo cha kupokea vijana wenye tribinali ilikuwa imewashika. Huko pia alipendelea kutia kazini watu wa mtaa kuliko wenye diploma. Kituo hakikudumu. Lakini wazo lake lilikuwa limekwisha kukomaa: kazi ya mlezi ni kutengeneza mazingira, si kutengeneza mtoto. Badilisha fasi, badilisha kazi, badilisha watu wenye kumzunguka, halafu utaona jambo jipya linatokea. Wazo hilo alilibeba mpaka kifo, na ndilo alikuja kuliingiza katika sinema.

Kamera mkononi mwa kijana

Kunako 1948 Deligny alianzisha Paris kundi lenye kuitwa La Grande Cordée, pamoja na mwanasaikolojia mkubwa Henri Wallon aliyekuwa mwenyekiti wake. Wote wawili walikuwa karibu na chama cha Wakomunisti. Kundi lilipokea vijana wenye serikali na hopitali zilishindwa nao, likawatuma kuishi fasi mbalimbali za Ufaransa, katika nyumba za kupokea vijana wasafiri, kwa mafundi, kwa wakulima. Kijana alichagua, akajaribu, na kama haikumfaa alirudi na kujaribu kwingine.

Katika miaka hiyo Deligny alikutana na watu wa sinema, kama vile André Bazin na Chris Marker. Wazo likamjia: juu ya nini kamera ikae tu mkononi mwa wasanii? Kunako 1955 aliandika makala ya kuonyesha kamera kama chombo cha kulea. Kijana mwenye kushika kamera analazimika kuangalia, kungoja na kuchagua. Akirudi kwa wenzake anakuwa na kitu cha kuwaonyesha hata kama hajui kueleza vizuri. Franga zilikosekana na filamu nyingi za mpango huo hazikufanyika. Lakini tayari alikuwa ametoka kwa mawazo ya wengi: kwake yeye kamera haikuwa jicho la mtu wa inje lenye kuja kuchunguza maskini. Ilikuwa chombo cha kazi cha wale wenye wanaishi pale pale, kama jembe ao shoka.

Kunako 1958 kijana mmoja, François Truffaut, akamuomba shauri juu ya filamu yake ya kwanza kubwa, Les 400 coups, yenye kueleza maisha ya mtoto mwenye kutoroka nyumbani na kituo cha marekebisho. Filamu hiyo ilipata zawadi ya mtengenezaji bora huko Cannes kunako 1959. Truffaut hakumsahau Deligny, na urafiki huo ulikuja kuzaa matunda baadaye.

Yves, kijana mwenye kusema peke yake

La Grande Cordée lilipokosa nguvu, Deligny na wenzake wachache walifika katika milima ya Cévennes, kusini. Kati yao kulikuwa kijana aliyeitwa Yves. Wadaktari walikuwa wamemuandika kama mtu wa akili pungufu kabisa. Yves alisema, tena sana, lakini maneno yake yalikuwa kama mto wenye kuvunja kingo: hotuba za wakubwa, kelele za radio, hasira, vyote pamoja.

Kati ya 1962 na 1964 wakatengeneza naye filamu, Le Moindre Geste. Kamera ilishikwa na Josée Manenti, mwenye hakuwa mtu wa sinema. Hadithi ni fupi: vijana wawili wanatoroka hopitali, mmoja anaanguka katika shimo, mwingine, ni kusema Yves, anatangatanga milimani. Picha zilikamatwa bila sauti. Sauti ya Yves ilichukuliwa kwa bande fasi ingine. Kwa hiyo katika filamu hatumuoni Yves akijibu maswali ya mtu. Tunaona mikono yake inashindana na kamba, na sauti yake inapita juu ya mawe na majani. Bobini zilikaa miaka bila mtu wa kuziunganisha, mpaka Jean-Pierre Daniel akafanya kazi hiyo kwa uvumilivu mkubwa, na Chris Marker akasaidia. Filamu ilionyeshwa Cannes kunako 1971.

Janmari

Kunako 1965 Deligny alienda kutumika La Borde, kliniki ya wagonjwa wa akili yenye kuongozwa na Jean Oury pamoja na Félix Guattari. Huko wakamletea mtoto wa miaka 12 hivi. Hakusema neno hata moja. Wadaktari walikuwa wamemkatia hukumu: haponi, na hakuna mtu anaweza kuishi naye. Deligny alimuita Janmari.

Kunako 1967 akaondoka naye, akarudi Cévennes. Mwaka uliofuata wakakaa Graniers, kijiji kidogo cha Monoblet, katika jimbo la Gard. Deligny hakutoka huko tena, ila mara chache sana. Polepole watoto wengine wakafika, wenye kutumwa na wadaktari wa Paris kama Maud Mannoni na Françoise Dolto. Wengine walikaa majuma, wengine miaka. Waligawanywa katika fasi mbalimbali milimani, kila fasi na watu wazima wachache.

Watu wazima hao hawakuwa wadaktari wala walezi wenye diploma. Mmoja wao, Jacques Lin, alikuwa fundi umeme wa kiwanda, kijana bado. Gisèle Durand naye alifika na kubaki. Kulikuwa wakulima na wanafunzi. Deligny aliwaita tu watu wa karibu. Waliishi maisha magumu: kuchota maji, kupasua kuni, kuchunga mifugo, kupika mkate. Kwa muda mrefu hawakuwa na msaada wa serikali. Watoto walikuwa kando yao, wakizunguka, mara kwa mara wakishika kitu na kukipeleka fasi yake. Na kulikuwa kanuni moja yenye kushangaza wageni: watu wazima walijizuia kuwasemesha watoto bila lazima. Deligny aliona kwamba maneno yetu mengi juu ya mtoto wa namna hiyo ni maswali yenye hayana jibu, na mtoto anayapokea kama mvua ya mawe.

Tukumbuke wakati huo. Neno otisimu kwa watoto lilikuwa limeenea tangu Leo Kanner aliandika juu yake Marekani kunako 1943. Kunako 1967 Bruno Bettelheim alitoa huko Marekani kitabu chenye kulaumu wazazi, zaidi akina mama, kwamba ubaridi wa moyo wao ndio ulifunga mtoto. Akina mama wengi walibeba kosa lenye halikuwa lao. Leo elimu inasema wazi kwamba usonji unatoka kwa namna ubongo unakomaa, si kwa mama, si kwa chanjo, wala si kwa uchawi. Deligny hakujenga kazi yake juu ya kutafuta mwenye kosa. Swali lake lilikuwa lingine: tutaishi namna gani na huyu mtoto, leo, hapa?

Mistari ya kutangatanga

Kunako 1969 Jacques Lin alikuwa amechoka. Aliona watoto wanajiuma, wanajipiga, na hakujua la kufanya. Akamueleza Deligny. Deligny hakumpa mafundisho. Alimuomba achukue karatasi na kuchora njia zenye watoto walipita.

Basi wakaanza. Kwanza ramani ya fasi: nyumba, jiko, kisima, mti. Juu yake wakaweka karatasi yenye kuonyesha upande wa pili, na kwa wino mweusi wakachora mwendo wa kila mtoto. Njia za watu wazima zilikuwa na rangi yao. Kazi hii iliendelea karibu miaka 10. Wakiweka karatasi moja juu ya ingine, waliona jambo lenye macho peke yake hayakuona: kutangatanga hakukuwa kwa bure. Mistari ilirudi fasi zile zile. Mara ilizunguka maji. Mara ilikuta njia yenye mtu mzima anapita kila asubuhi kwa kazi yake. Mara mtoto alisimama katika fasi yenye ilionekana haina kitu.

Deligny hakusema kwamba mistari hiyo ni lugha ya siri yenye alifaulu kuisoma. Alikataa kabisa kuitafsiri. Faida yake ilikuwa kwa watu wazima kwanza: mtu mwenye kuchora mwendo wa mtoto analazimika kumuangalia, na wakati anamuangalia hamuhukumu. Halafu mpango wa siku unatengenezwa kwa kufwata yale yenye ramani ilionyesha. Hapo ndipo filamu ilizaliwa, maana ramani hizo zilikuwa tayari sinema: mwendo, fasi na wakati.

Filamu ya Renaud Victor

Renaud Victor alikuwa kijana mwenye hakuwa bado amefanya filamu hata moja. Alifika kwa Deligny, akabaki. Miaka mitatu hivi aliishi karibu na kundi lile, akikamata picha polepole. Truffaut, kwa njia ya kampuni yake ya Les Films du Carrosse, akasaidia kwa franga. Filamu ilionyeshwa katika sinema kunako 1976. Jina lake ni Ce gamin, là, ni kusema: mtoto huyu, pale. Virgula iliyo katikati ya jina ina maana yake. Kuna mtoto, na kuna pale, fasi yenye anaishi, na fasi hiyo inastahili kuangaliwa sawa na mtoto mwenyewe.

Picha ni nyeupe na nyeusi. Tunaona mawe ya Cévennes, moshi, vyombo vya kuoshwa, unga wa mkate, maji. Tunamuona Janmari anatembea, anarudi, anabeba, anatikisika, anapiga makofi peke yake, anatulia mbele ya maji. Hakuna daktari mwenye koti jeupe wa kutueleza ugonjwa. Hakuna mama wa kulia mbele ya kamera. Hakuna muziki wa kutuambia tuhurumie. Hakuna kabla na kisha: mtoto haponi mwishoni, haanzi kusema, wala hatufanyii ajabu yoyote ya kuhesabu ao ya kuchora.

Tuilinganishe na filamu yenye Truffaut mwenyewe alikuwa ametoa kunako 1970, L'Enfant sauvage, juu ya mtoto wa kweli aliyekutwa porini huko Aveyron karibu na mwaka 1800. Daktari Itard alijaribu kumfundisha maneno. Truffaut alicheza mwenyewe nafasi ya Itard. Alipokuwa anaitengeneza aliuliza kwa Deligny juu ya watoto wake, kusudi mwenye kuigiza ajifunze mwendo wa mtoto asiyesema. Filamu ni nzuri, lakini moyo wake ni wa mwalimu mwenye kuvuta mtoto kuja kwetu. Ile ya Renaud Victor inafanya kinyume. Kamera ndiyo inaenda upande wa mtoto, na inakubali kutofika.

Kupiga, kukamata, ao kukamera?

Deligny alifikiri sana juu ya neno lenyewe. Wafaransa wanasema filmer, neno lenye kutoka kwa filamu, ni kusema kwa kitu chenye kuuzwa mwisho wa kazi. Lakini mtu mwenye kutumia nyundo, neno la Kifaransa la kazi yake linatoka kwa nyundo, si kwa nyumba yenye itajengwa. Basi akatunga neno lake, camérer, kutoka kwa kamera. Kwetu tungesema kukamera. Maana yake: kuwa na kamera pale, kila siku, kama chombo kati ya vyombo, bila kukimbilia hadithi yenye mwanzo na mwisho. Kwake picha ya kweli haichukuliwi kwa nguvu. Inatokea, ukiwa umekaa vya kutosha.

Sisi kwa Kiswahili chetu tunasema kupiga picha, na mara nyingi kukamata picha. Tuyasikilize maneno hayo vizuri. Mtu anapigwa, mtu anakamatwa. Wakaaji wa kambi za wakimbizi wanajua maana yake: gari inafika, kamera inatoka, mtoto mwenye kulia anakamatwa, na baada ya dakika chache gari iko imekwenda. Picha itazunguka dunia, na mtoto hatajua kamwe ilisema nini juu yake. Mkubwa anaweza kugeuza uso ao kukataa kwa kinywa. Mtoto mwenye hasemi hana hata silaha hiyo ndogo. Ndiyo sababu mwenye kumuonyesha anadaiwa muda zaidi, si kidogo.

Renaud Victor alibeba fundisho hilo mpaka mwisho. Filamu yake ya nyuma, De jour comme de nuit, aliifanya ndani ya gereza la Baumettes, Marseille, kwa kukaa humo muda mrefu pamoja na wafungwa. Alikufa kunako 1991.

Sauti ya nani?

Lakini tusifanye Deligny kuwa mtakatifu. Katika Ce gamin, là kuna sauti moja yenye kutawala, na ni sauti yake. Anasema juu ya picha kuanzia mwanzo, kwa Kifaransa kizito chenye kugeuka geuka, na mara mtazamaji anajikuta anamfwata mzee kuliko kumfwata mtoto. Mtu aliyewakataza wengine kumzungushia mtoto maneno, yeye mwenyewe alimzungushia maneno mengi. Na Janmari hakuulizwa kama anataka kuonekana, maana hakukuwa njia ya kumuuliza.

Kuna jambo lingine, zito zaidi. Deligny hakutafuta kuwapa watoto hao njia ya kusema. Aliona lugha kama kitu chetu, chenye tunalazimisha. Leo watu wengi wenye usonji na wazazi wao hawakubali hilo. Wanajua kwamba kati ya wasiosema kwa kinywa kuna wenye wanaweza kuonyesha picha, kugusa alama, ao kuandika kwa mashine, wakipewa chombo na wakati. Kuwanyima chombo hicho kwa jina la heshima ni kuwafungia mlango mara ya pili.

Kunako 2007 Mmarekani Mel Baggs, mwenye usonji na asiyetumia kinywa kusema, alionyesha jambo hilo kwa video fupi ya dakika 8 na zaidi, In My Language. Nusu ya kwanza hatusikii neno: Baggs anatikisika, anaimba bila maneno, anapitisha vidole katika maji. Nusu ya pili, sauti ya mashine inasoma yale aliyoandika mwenyewe, na inaeleza kwamba ile nusu ya kwanza ndiyo ilikuwa lugha yake, mazungumzo yake na vitu vyote vya kumzunguka. Hapo hakukuwa mzee wa kueleza. Kamera na neno vilikuwa mkononi mwa mwenyewe, kama vile Deligny alitaka kwa vijana wa 1955 lakini hakufikiri kwa Janmari.

Sisi watu wa radio jambo hili linatugusa kwa namna ya pekee. Kazi yetu yote ni sauti. Mtu mwenye hasemi, kwa radio ni kama haiko. Tunaalika mama yake, daktari wake, pasta wake, na tunamaliza emisyo tukifikiri tumesema juu yake. Deligny angetuambia tuweke mikro karibu na kisima na tunyamaze kidogo. Baggs angetuambia tumuulize mwenyewe, kwa njia yenye anaweza. Nadhani wote wawili wana haki.

Kile kilichobaki

Deligny aliandika kila siku mpaka uzee. Alikufa Graniers tarehe 18 Septemba 1996, akiwa na miaka 82. Kunako 2007 maandiko yake mengi yalikusanywa Ufaransa katika kitabu kimoja kinene, na ramani za mistari zilitolewa pia katika kitabu chao na kuonyeshwa kwa watu. Karatasi zenye Jacques Lin alianza kuchora kwa uchovu zimekuwa kitu chenye wasanii wa dunia wanakuja kuangalia.

Lakini tunda kubwa si karatasi. Janmari, mtoto mwenye alihukumiwa kwamba hakuna mtu anaweza kuishi naye, alikomaa akawa mtu mzima pale Monoblet, kati ya watu wenye walimjua, na kazi zake, njia zake na maji yake. Hakusema kamwe. Jacques Lin na Gisèle Durand waliendelea kuishi na wale waliobaki hata kisha kifo cha mzee.

Kwa mzazi mwenye kusoma haya huku kwetu, na ako na mtoto wa namna hiyo nyumbani, kuna kitu cha kuchukua. Siku moja mtu mwenye kamera anaweza kugonga mlango wako, wa shirika, wa televisheni, ao jirani na telefone yake. Umuulize atakaa muda gani. Umuulize nani ataona picha hizo. Umuombe kwanza akae bila kuwasha kamera, mtoto amzoee. Na mtoto akiondoka, ao akifunika uso, hiyo ndiyo hapana yake. Iheshimiwe kama hapana ya mtu mzima.